Vitabu vinne mezani Vwawa, na kipi kilipanda ndege kwenda Ethiopia

Baba mdogo alinipigia simu Oktoba 2024 saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari. Nikajua kuna jambo, maana saa hiyo hata mgeni akibisha hodi anasubiri mlangoni. Binti yake, muuguzi Dar es Salaam, alikuwa amewakatia yeye na mama mdogo tiketi za kwenda Addis Ababa mwezi Januari, zawadi ya miaka arobaini ya ndoa. "Sasa njoo utuchagulie kitabu cha kuongoza wasafiri," akasema. Mimi nafundisha jiografia hapa Mbeya mjini, na katika ukoo wetu mwalimu wa jiografia huhesabiwa kuwa ameshafika kila nchi aliyowahi kuichora ubaoni. Ethiopia sijawahi kukanyaga.

Naandika kisa hiki kwa sababu watu wawili wameshaniuliza swali lilelile, wachukue kitabu kipi, kuhusu nchi nyingine, na nimegundua kuwa jibu langu ni lilelile.

Kwanza mwajue wasafiri. Baba mdogo ni mkulima wa kahawa Mbozi, kidato cha nne cha zamani, Kiingereza anasoma bila taabu ila hakiongei kwa kupenda. Alitaka jambo moja: kuona mahali ilikotoka arabika, kahawa aliyoilima maisha yake yote. Mama mdogo ni mtu wa Rungwe, mwanakwaya, Kiingereza hasomi. Yeye alitaka Lalibela, kaskazini mwa Ethiopia. Aliiona kwenye kalenda ya kanisa miaka mingi iliyopita: kanisa la Mtakatifu Giyorgis, limechongwa ndani ya mwamba mmoja kuelekea chini, ukiliangalia kutoka juu ni msalaba. Yako makanisa kumi na moja ya kuchongwa mwambani pale, na UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1978. Kalenda ilishaisha zamani, ile picha bado iko ukutani jikoni.

Nilipofika kwao Vwawa Jumamosi vitabu vilikuwa tayari mezani, vimepangwa kama mitihani. Cha kwanza kilikuwa cha mtumba, nilikinunua mwenyewe sokoni Mwanjelwa kwa muuzaji anayetandika vitabu kwenye turubai. Kimechapwa mwaka 2000, mgongo umefungwa kwa selotepu. Cha pili kilikuwa kikubwa, karatasi zinang'aa, picha tupu, kizito kama tofali. Cha tatu kilitolewa 2018, herufi ndogo, ramani nyingi, binti alikipata kupitia mwenzake aliyekuwa nje. Bei yake baba mdogo hakuambiwa, na ilikuwa busara. Cha nne hakikuwa kitabu hasa. Kilikuwa PDF kwenye simu, kijana wa jirani amekirusha kwa WhatsApp, jalada halipo wala mwaka.

Kila mtu alikuwa na chaguo lake kabla sijaketi. Mama mdogo alikuwa ameshika kile cha picha. Baba mdogo alipenda cha mtumba kwa sababu kilikuwa kinene na sura ya historia ilikuwa ndefu. Kijana wa jirani, aliyekuja eti kuangalia tu, akasema vitabu vimepitwa na wakati, kila kitu kipo kwenye simu.

Sikufungua hata kimoja. Nilitoa begini vitabu vingine viwili ambavyo hawakuvitarajia, vya Tanzania.

Hapa nieleze. Vitabu hivi hutoka kwa wachapishaji wachache. Lonely Planet ilianzishwa 1973 na mke na mume, Tony na Maureen Wheeler, baada ya kuvuka Asia kwa njia ya nchi kavu hadi Australia. Bradt ilianza mwaka uliofuata. Mchapishaji akiwa na kitabu cha Ethiopia, mara nyingi anacho na cha Tanzania, na wakati mwingine mwandishi ni yuleyule. Philip Briggs, kwa mfano, ameiandikia Bradt miongozo ya nchi zote mbili. Sasa Ethiopia siijui, siwezi kusema mwandishi wake kasema kweli au kadanganya. Lakini Mbeya naijua. Nikitaka kupima mizani ya mwenye duka, napima kwa kitu ambacho uzito wake ninao nyumbani.

Kwa hiyo tulifungua ukurasa wa Mbeya. Baba mdogo alivaa miwani.

Swali la kwanza: ndege zinatua wapi? Uwanja wa Songwe ulianza kazi mwisho wa 2012. Swali la pili: Kimondo cha Mbozi kiko mkoa gani? Tangu 2016 jibu ni Songwe. Kabla ya kumhukumu mtu, tuliangalia nyuma ya ukurasa wa jina, mahali panapoandikwa mwaka wa toleo. Kitabu cha 2015 hakiwezi kulaumiwa kwa mkoa ambao haujazaliwa. Ila kinachodai ni toleo jipya na bado kinatua ndege katikati ya mji, kimevaa jalada jipya juu ya mwili wa zamani. Isitoshe, mwaka wa toleo si mwaka wa safari: mwandishi huwa alizunguka mwaka mmoja hivi kabla kitabu hakijatoka.

Swali la tatu ndilo lililoamua, na halikuwa la tarehe. Nilimwambia baba mdogo asome habari ya Ziwa Ngozi katika vitabu vyote viwili. Cha kwanza kilisema lipo, ni la kreta, linapendeza. Basi. Cha pili kilisema unashuka barabara ya Tukuyu, unaingia ndani hadi msitu unapoanza, njia inapanda kwenye miti, mvua ikinyesha tope linateleza, na ukifika ukingoni maji yako chini sana kiasi kwamba wengi huishia kuyatazama wakiwa juu. Mama mdogo, aliyekuwa akitafsiriwa, alinyanyua kichwa. "Huyu alipanda," akasema. "Huyu mwingine aliambiwa."

Mchapishaji wa yule aliyepanda ndiye mchapishaji wa kile cha 2018. Kazi ya kuchagua iliishia hapo kwa sehemu kubwa. Si kwamba kitabu kilichopanda Ngozi hakikosei. Kinakosea kama mtu aliyefika anavyokosea, na makosa hayo yanarekebishika ukiuliza.

PDF ilifutwa palepale. Bila mwaka huwezi kujua hata kosa lake ni la aina gani. Kijana alinuna kidogo, akapewa chai.

Cha mtumba nilitaka kukitetea. Nimewahi kuwaambia wanafunzi kuwa bei na mabasi huoza, historia haiozi. Nikafungua sura ya Axum, mji wa kale wa Ethiopia, nimwonyeshe baba mdogo, nikasoma kwamba mnara mkubwa uliochukuliwa na jeshi la Italia mwaka 1937 uko Roma. Ulisharudishwa 2005 na kusimamishwa tena 2008. Nikafunga sura. Hata hivyo baba mdogo alikisoma chote kabla ya safari, vita vya Adwa vya 1896, Ethiopia ilipowashinda Waitalia, alivisoma mara mbili, na nadhani ndicho kilichomfaa zaidi kuliko vyote, ila kwenye kiti chake nyumbani. Kile cha picha nacho kilibaki Vwawa kwa wajukuu.

Kubakiwa na kitabu kimoja kizuri hakukumaliza shida, maana kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya watu wa Mbozi. Tulikisoma wiki tatu, Jumamosi kwa Jumamosi, na kila mahali palipoandikwa "wewe" nilimwuliza baba mdogo: huyu wewe ni nani? Kilichomtambulisha haraka ni kisanduku cha rangi ya kijivu chenye onyo zito. Kinamweleza msafiri kwamba Waethiopia huhesabu saa kuanzia mapambazuko, kwamba saa moja yao ni saa moja baada ya jua kuchomoza, kwamba watu wamekosa mabasi kwa ajili hiyo, kwa hiyo akiambiwa basi linaondoka saa kumi na mbili aulize mara mbili. Nilitafsiri neno kwa neno. Mama mdogo alisubiri niendelee. Nilipomwambia ndiyo yote, akauliza, "Sasa wao walitaka iweje?"

Tulicheka, lakini nikaandika kwenye kaunta buku: ambapo kitabu kinashangaa, pengine sisi ni wenyeji. Ukurasa wa kula kwa mkono wa kulia na kunawa kwanza, ruka. Ushauri wa kubeba sweta kwa sababu Addis iko mita 2,300 na zaidi juu ya usawa wa bahari na usiku kuna baridi, soma haraka, Mbeya sweta tunazo. Kinyume chake ndicho kigumu: ambapo kitabu kinapita harakaharaka kwa sababu msomaji wake hana haja, pengine sisi tunayo haja kubwa. Cheti cha homa ya manjano kilizungumzwa kama sharti la kuingia Ethiopia. Kurudi Tanzania hakikusema, kwa nini kiseme? Na Tanzania huwadai cheti wasafiri wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, Ethiopia ikiwemo. Sura ya viza ilimhudumia Mwingereza na Mmarekani. Hiyo hatukuisoma kabisa, binti aliuliza ubalozini, na ndivyo ningefanya hata kama kitabu kingetoka juzi. Mahali pamoja tu tulijifanya Waingereza: soketi. Zetu ni za pini tatu bapa kama za kwao, za Ethiopia ni matundu mawili ya mviringo, kwa hiyo palipoandikwa "msafiri kutoka Uingereza abebe adapta" nilipigia mstari.

Kisha ukaja ukurasa wa Lalibela.

Kitabu cha 2018 kinakupeleka kaskazini kama mtu anayekupeleka shambani kwake: Bahir Dar, Gondar, milima ya Simien, Axum, unashuka Lalibela. Kimeandikwa kabla ya vita vya mkoa wa Tigray, vilivyoanza Novemba 2020 na kusimamishwa kwa makubaliano ya Pretoria Novemba 2022, na kabla ya mapigano ya mkoa wa Amhara yaliyoshika kasi 2023. Lalibela imo Amhara. Wapo waliokuwa wakienda kwa ndege na kurudi salama, na sikumficha mama mdogo jambo hilo. Lakini serikali kadhaa zilikuwa zikiwaonya watu wao wasiende mkoa huo, na hawa ni wazee wawili, lugha hawana, wangekuwa peke yao. Nilisema maoni yangu ni wasiende. Baba mdogo alinyamaza. Mama mdogo alikwenda jikoni, nikasikia anahamisha sufuria ambazo hazikuhitaji kuhamishwa.

Alirudi na kusema watasali Krismasi yao palepale Addis. Krismasi ya Ethiopia, Genna, ni tarehe 7 Januari. Sijui kama nilimshauri vizuri. Ndilo jambo pekee katika kisa hiki ninaloliwaza bado.

Tukapanga upya: siku chache Addis, kisha ndege hadi Jimma, kwenye nyanda za kahawa za kusini-magharibi. Sura za kaskazini zilikuwa zaidi ya theluthi ya kitabu, uzito wa bure. Nikatoa wembe. Wasafiri wengi hukata sura wanazohitaji wakaacha zingine, nami niliona ni akili. Baba mdogo alikivuta kitabu upande wake wa meza kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. "Kitabu hakichanwi," akasema. Wembe ukarudi kwenye karatasi yake.

Mama mdogo nilimwandikia kaunta buku kwa Kiswahili, kurasa kumi na mbili. Kitabu cha Kiswahili kuhusu Ethiopia sijakiona dukani. Niliweka salamu, namba, vyakula, majina ya mitaa, na maneno ambayo nilijua yatamchekesha: salamu ni "selam", saa ni "sa'at", sabuni ni "samuna", kahawa ni "buna", nasi tunasema buni. Kwa baba mdogo niliongeza ukurasa wa pesa, na hapo kitabu kilikuwa kimeachwa mbali sana. Kilipoandikwa, dola moja ilikuwa birr 27 au 28. Mwisho wa Julai 2024 serikali iliiachia birr ipangiwe bei na soko, dola ikatoka birr 57 hivi na kuvuka 100 ndani ya wiki chache. Bei zote kwenye kitabu zilikufa siku hiyo. Nilimwambia asizifute, azitazame kama foleni: hoteli iliyokuwa ghali kuliko jirani yake mwaka 2018 pengine bado ni ghali kuliko jirani yake. Alisema baadaye ilisaidia mara nyingi kuliko alivyodhani.

Waliondoka, wakarudi. Safari yenyewe ataisimulia mwenyewe akipata nafasi, na huwa anaipata. Mimi nahesabu tu mahali ambapo kitabu na daftari langu vilishika na vilipoachia.

Palipoachia kwanza ni kosa langu. Walitua Jumamosi tarehe 4 Januari, na baba mdogo akaagiza nyama. Hakuna. Akaenda mgahawa wa pili, akaletewa shiro (mchuzi mzito wa unga wa kunde), dengu na mboga. Waorthodoksi hufunga zaidi ya siku arobaini kabla ya Genna, bila nyama, mayai wala maziwa. Kitabu kilikuwa nacho, kwenye sura ya sikukuu, mbali na sura ya chakula, nami nilikisoma na sikukiandika. Jumanne ya Genna akala kuku hadi akasahau. Jumatano akaamka akarudishwa kwenye dengu, kwa sababu Jumatano na Ijumaa nazo ni za mfungo. Alipona Jimma, ambako Waislamu ni wengi na mabucha hayana habari hiyo.

Kalenda ilimshtua mama mdogo vibaya zaidi. Saa zao ni zetu, miaka si yetu. Hoteli ilimpa risiti yenye mwaka 2017, akaamini wanamuuzia karatasi ya zamani ili wamdai tena, akaikatalia kaunta kwa Kiswahili fasaha. Kule ilikuwa kweli 2017: mwaka wao una miezi kumi na mitatu na uko nyuma ya wetu kwa saba au minane. Niliandika jambo hilo kwenye daftari kwa mstari mmoja, nikidhani linajieleza.

La gursha sikulifikiria kabisa. Kitabu kinalitaja kwa mistari miwili kama desturi nzuri: mwenyeji anakata injera, mkate wao mwembamba laini, anaviringisha mchuzi ndani, anakulisha kwa mkono wake mdomoni, ni heshima na upendo. Kwa msomaji aliyekusudiwa, mistari miwili inatosha. Mama mdogo amelelewa Rungwe, kwenye desturi ambapo mkwe na mkamwana hawali pamoja na hata njia wanapishana kwa kujificha. Siku ya Genna, nyumbani kwa jirani wa pale walipofikia, mzee wa makamo ya baba mkwe wake alimsogezea tonge mdomoni mbele ya mumewe na watu kumi. Anasema alimtazama baba mdogo. Baba mdogo naye alikuwa amefungwa mdomo, mke wa mwenyeji ameshamlisha. Akafungua mdomo. Neno la asante la Kiamhari, "ameseginalehu", ambalo nilimwandikia kwa silabi, likamtoka kichwani lote, akasema "ndaga fijo", asante ya Kinyakyusa, na yule mzee akaitikia kwa furaha kama ameelewa.

Ukiniuliza leo nianze wapi kumsomea mtu kitabu cha nchi ya kigeni, nitaanza na hiyo mistari miwili-miwili.

Na kahawa? Kitabu kilikuwa na nusu ukurasa wa migahawa mizuri ya kunywea. Jinsi inavyokaushwa, hakuna neno. Wasomaji wake wanainywa, hawailimi. Baba mdogo aliyapata mwenyewe kwa mkulima mmoja nje ya Jimma, kupitia kijana aliyejua Kiingereza: kwamba kwao nyingi huanikwa juani na ganda lake, wakati sisi Mbozi tunaikoboa mbichi na kuiosha. Walibishana nusu siku, kila mmoja ameshika punje ya mwenzake. Kisha mama wa nyumba akakaanga buni mbele yao, akaitwanga, akaichemsha kwenye birika la udongo, akaleta na bisi. Wanakunywa mizunguko mitatu, wa kwanza abol, wa pili tona, wa tatu baraka. Huo wa tatu hakuhitaji kutafsiriwa.

Kitabu amenirudishia mwezi uliopita. Kina masizi kwenye jalada, na pembeni mwa kurasa ameandika kwa penseli: "kweli", "kweli", "si kweli, kuna daraja sasa", "bei x 5". Sura za kaskazini ni safi kama zilivyotoka. Ila ukurasa mweupe wa mwisho haupo, umetolewa kwa mkono, umeacha meno. Nilimwonyesha. Akavua miwani, akaifuta, akasema yule mkulima alimwomba anwani na hakuwa na karatasi nyingine.